Sikukuu Zilizowekwa Akiba

Msabaha Vuai hakuwa mchoyo, hilo majirani zake wote wa Edmonton, London, wangemshuhudilia. Ukiingia kwake hutoki bila kula, na ukikataa anakununia wiki nzima. Lakini kilikuwako kitu kimoja alichowabania watoto wake tangu wazaliwe mpaka wakaota ndevu na matiti, nacho ni sikukuu.

Aliingia London mwaka wa sitini na nne, miezi michache baada ya mapinduzi, kijana wa Mwembetanga, Unguja, aliyekuwa karani serikalini na ambaye jina lake, kwa sababu alizokuwa hapendi kuzieleza, lilikuwa limeharibika huko alikotoka. Alikuja na sanduku moja na imani moja, kwamba mambo yatatulia na atarudi. Mkewe Time, binti wa Wete, Pemba, aliyekuwa amekimbilia Mombasa na wazazi wake, alimfuata mwaka uliofuata. Wakapanga nyumba Edmonton, yeye akapata kazi kwenye ghala la vipuri vya magari, Time akapata kazi kwenye nyumba ya wazee. Mwaka wa sitini na saba akazaliwa Ummukulthum, na miaka miwili baadaye Vuai, aliyepewa jina la babu yake.

Nyumba ile haikuwahi kupigwa rangi. Mapazia yalikuwa yale yale waliyoyakuta, ya maua ya kahawia, na Time akiyalalamikia Msabaha humjibu kwamba mtu hapambi gesti. Mwakani watakuwa kwao. Alilisema neno hilo kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kata tiketi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache, watu walimwamini.

Miaka ile Idi ndogo ilikuwa ikianguka majani yanapopukutika, na Idi kubwa ikiangukia katikati ya baridi, wakati Waingereza wanapopamba miti yao ya Krismasi. Kila Ramadhani ikikaribia kwisha, Time alikata kitambaa na kushona nguo za watoto kwa cherehani ya mkono: gauni la organdi la Ummukulthum, kanzu ya Vuai na kofia yake. Alizishona kubwa kidogo, kwa amri ya mumewe. Halafu zikapigwa pasi, zikanyunyiziwa marashi, zikakunjwa na kutiwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, zisubiri Idi ya kwao. Watoto siku ya Idi walivaa sweta za skuli. Mwaka wa pili sanduku likafunguliwa, nguo za mwaka jana zikaonekana zimeshakuwa fupi, zikarudishwa chini, na mpya zikawekwa juu yake. Sanduku la kwanza lilipojaa, Msabaha akanunua la pili. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza anafanya nini. Yeye alichojiuliza ni kama ndege itakubali mizigo yote ile.

Siku yenyewe ya Idi yeye huenda kazini. Jioni wanakula pilau, na baada ya pilau ndipo sikukuu ya watoto inapoanza, maana Msabaha alikuwa bingwa wa kuhadithia. Aliwahadithia watoto wa mtaa wake wanavyoamka alfajiri kuogeshwa na kuvishwa vipya, wanavyofukizwa udi, wanavyotoka nyumba hadi nyumba kupeana mkono wa Idi na wakubwa na kupewa vijisenti na visheti, na alasiri wanavyomiminika Mnazi Mmoja kupanda pembea mpaka kichefuchefu kiwashike. Watoto walisikiliza midomo wazi. Wakiuliza na wao watakwenda lini, jibu walikuwa wanalijua.

Nyumba ya jirani alikaa Indu na mumewe Kishor, Wahindi wa Hurumzi, ambao nao duka lao lilikwenda na maji mwaka ule ule wa mapinduzi. Kiswahili chao kilikuwa cha Unguja safi, na Time hakuwa na shoga mwingine. Vuli yao ya kwanza tu mtaani hapo, Diwali ilipofika, Indu alipanga taa za udongo kwenye ukingo wa dirisha, akawavika watoto wake hariri na kuwaachia wakimbizane kwenye baridi huku mikononi wameshika vimulimuli vya fataki. Msabaha alitazama kwa dirishani akatikisa kichwa. Alimwambia mkewe kwamba wale wameshakata tamaa ya kurudi, wameshajifanya wa hapa hapa. Indu mwenyewe, siku moja alipoleta sahani ya vitamutamu vya laddu na kuwakuta watoto wamevaa sweta zao siku ya Idi, alimwambia Msabaha bila kuzunguka: "Watoto hawangoji, Bwana Msabaha. Wao wanakua tu." Msabaha alicheka, akaishukuru sahani, na baada ya mlango kufungwa akasema Indu ana mdomo.

Mwaka wa sabini na nne Idi kubwa iliangukia siku ya kuamkia Krismasi. Ghala lilikuwa limeshafungwa kwa sikukuu na Msabaha alikuwa nyumbani, jambo lisilo la kawaida. Ummukulthum alikuwa na miaka saba. Asubuhi ile, mama yake akiwa jikoni, mtoto alilivuta sanduku akatoa gauni la waridi lenye mikono ya puto. Lilikuwa la mwaka jana, na kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze, nguo ilimkaa sawasawa. Akajipaka marashi ya mama yake, akafungua mlango, akaenda kwa Indu kumpa mkono wa Idi. Alifanya kile kile alichohadithiwa na baba yake, hakuongeza wala hakupunguza. Indu alimbusu kwenye paji la uso, akamjaza peremende mikononi, akamsifu mpaka mtoto akarudi anaruka.

Barabarani kulikuwa na theluji iliyoyeyuka na masizi. Msabaha alimkuta mlangoni, upindo wa gauni umeloa tope jeusi. Kama angekuwa amechoka au mgonjwa ningemtafutia udhuru, lakini hakuwa na lolote. Aliitazama ile nguo na kuona safari yake imechafuliwa.

"Hii si Idi," alimwambia. "Idi iko kwetu. Vua."

Time alitoka jikoni akasimama kati yao, akamwambia, Baba Ummu, muache mtoto, kwani leo si siku yake? Lakini Msabaha alikuwa ameshasema, na aliona haya kulirudisha neno lake. Ummukulthum alivua. Hakulia. Alilikunja gauni mwenyewe, mkono juu ya mkono kama alivyomwona mama yake anafanya, akalitia sandukuni, akavaa sweta. Kuanzia siku ile hakuuliza tena Idi ni lini wala watakwenda lini, na baba yake, Mungu amsamehe, alidhani mtoto amepata adabu.

Milango ya Unguja ilifunguka mwaka wa themanini na tano. Watu waliokuwa hawathubutu hata kuandika barua wakaanza kukata tiketi, na Msabaha alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Alipanga kila kitu kiangukie kwenye Idi ndogo, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imeshazunguka mpaka mwezi wa Juni. Watoto wote wawili walikuwa na mitihani. Ummukulthum alimweleza hivyo kwa upole, kwa Kiingereza, akiwa na kitabu mkononi, na hakuonekana kama mtu anayekosa kitu. Msabaha akaenda na Time peke yao, na masanduku mawili.

Nguo zikafika Unguja, wenyewe hawakufika. Time aliwagawia watoto wa ndugu, gauni au kanzu moja kila mtoto, na siku ya Idi Msabaha alikwenda Mnazi Mmoja alasiri akawaona wanapita nazo. Ziliwapendeza. Zote zilikuwa mpya kabisa, isipokuwa moja ya waridi yenye doa kwenye upindo ambalo halikutoka. Pembea zilikuwapo, makelele yalikuwapo, kila alichokihadithia kilikuwapo. Alisimama pale mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, hana mtoto wa kumshika mkono, na ndipo lilipomshukia jambo alilolifanya. Alilia mbele za watu, na watu wakadhani ni furaha ya kurudi kwao.

Aliporudi London aliipiga nyumba rangi. Alinunua mapazia. Idi ndogo iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaamka alfajiri, akafukiza udi nyumba nzima, akawagongea watoto vyumbani mwao. Vuai alimwomba amwache alale. Ummukulthum alikuwa ameshahamia bwenini chuoni.

Miaka ikaenda. Vuai akahamia Kanada. Ummukulthum aliolewa na Jotham, Mkenya na Mkristo, mtu mpole, na Msabaha hakuona kuwa ana haki ya kusema kitu. Wakakaa Hounslow, upande wa pili wa London, Jotham akifanya kazi uwanja wa ndege, na wakapata watoto wawili, Nasim na Kulwa. Time alifariki mwaka wa elfu mbili, na Indu ndiye aliyelala naye hospitali usiku wa mwisho.

Baada ya hapo Msabaha akawa anakwenda Hounslow mara kwa mara, na huko aliona jambo lililomchoma. Nyumba ya bintiye ilikuwa nyumba ya sikukuu tupu. Majani yakianza kugeuka, watoto waliyaokota na kuyabandika madirishani. Mwisho wa Oktoba walichonga maboga na kutoka na vinyago kugonga milango. Siku ya fataki walivishwa glavu na kupelekwa uwanjani kuzitazama. Krismasi mti ulipambwa na vitu walivyovitengeneza wenyewe, na kila kipambo kilikuwa na hadithi yake. Na kila kitu kilifanywa siku yake. Mwaka mmoja Nasim aliamka na homa siku ya maboga, na Jotham akapendekeza wafanye mwishoni mwa wiki. Ummukulthum akakataa kwa ukali ambao mumewe hakuuelewa, akalileta boga kitandani. Msabaha aliuelewa. Alikwenda chooni akakaa huko mpaka alipoweza kutoka.

Mwaka wa elfu mbili na tatu Idi ndogo ilikuwa imezunguka mwaka mzima ikarudi pale pale kwenye Novemba, kama ilivyokuwa Ummukulthum alipokuwa mdogo. Msabaha alikuwa na miaka sabini na mbili na moyo wa kumezea vidonge. Nasim alikuwa na miaka sita, Kulwa minne. Msabaha alipiga hesabu ya kawaida kabisa, kwamba watoto hawa wakikua naye hajawapa hata Idi moja, basi hatampa mtu yeyote Idi katika maisha yake. Akapiga moyo konde akamwomba bintiye kwa simu amruhusu aje siku ya Idi.

Ummukulthum alijibu kwa Kiswahili, lugha ambayo huitumia kwa nadra. "Baba, mimi Idi siijui. Ya hapa uliniambia si Idi, na ya kule sikuiona."

Msabaha alisema anajua. Akasema alikosea. Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno hilo mdomoni, na alilitoa akiwa amesimama barazani na koti lake, kwa kuwa aliogopa akikaa atashindwa. Ummukulthum akamwambia aje, watoto wanatoka skuli saa tisa na nusu.

Alikuja na visheti alivyovikaanga mwenyewe, vigumu kama kokoto, na udi, na kijiko cha mafuta ya marashi kwenye kichupa. Alifika mapema, akakaa sebuleni na kofia yake, ana woga wa mchumba. Watoto waliingia na mifuko yao ya skuli, wakamsalimia babu vizuri, wakasimama. Nasim akamgeukia mama yake akamuuliza kwa Kiingereza wafanye nini sasa. Ummukulthum naye akamgeukia baba yake, bila kejeli, kama mtu anayeuliza njia.

"Anauliza tufanye nini, Baba. Watu hufanya nini?"

Akawaonyesha. Aliwapaka marashi viganjani na nyuma ya masikio. Aliwafukiza udi wakacheka na kukohoa. Aliwafundisha kumpa mkono na kuubusu, na kila mmoja akamtilia sarafu na kisheti. Kulwa alikitema chake, Nasim akakimaliza kwa adabu. Halafu akawauliza kama kuna pembea karibu, wakamwambia ipo, mwisho wa barabara. Wakavaa makoti wakaenda. Giza lilikuwa limeshaanza kuingia na taa za barabarani zimewaka, na kiwanja kilikuwa chao peke yao. Msabaha alimsukuma Kulwa mpaka pumzi zikamwishia, na mtoto anadai zaidi.

Ummukulthum alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mifukoni, anatazama. Msabaha alipokwenda kukaa kando yake, aliona kuwa anautazama uso wake, si watoto.

"Ndiyo hivi tu?" akauliza.

"Ndiyo hivi tu, mwanangu."

Ummukulthum aliigeukia pembea. "Edmonton kulikuwa na pembea," akasema. "Nyuma ya maktaba. Nilikuwa nikipita kila siku nikienda skuli."

"Nazijua," akasema Msabaha. "Na mimi nilikuwa nikipita hapo nikienda kazini."