Bakuli la Kinyonga

Driwaru alikulia Lobule, ambako watu wanamwogopa kinyonga na hakuna anayemshika kwa mkono. Sasa anawauza vinyonga mjini Arua, katika duka la wanyama la Aliga, na bado anawabeba kwa kijiti. Wateja hudhani ni upole.

Mwanzoni alikuwa akisema ukweli. "Huyu hanywi maji ya bakuli. Analamba matone kwenye majani, kama umande wa shambani. Nyunyizia asubuhi na jioni, la sivyo atakufa kwa kiu." Wateja wakisikia kazi yote hiyo, wananunua sungura. Aliga akamfokea: yeye ni muuzaji au daktari? Tangu siku ile kila kinyonga hutoka na bakuli lake, na Driwaru hufunga mdomo. Kwanza ilimuuma. Siku hizi hata haimuumi.

Jumatatu, Constantino, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, alirudi na kizimba kitupu.

"Dada, hii kinyonga ya tatu pia imekufa. Binti yangu iko analia tu. Maji nabadilisha kila siku. Nakosea wapi?"

Driwaru alimtazama. "Labda alikuwa mgonjwa."

"Ama bakuli iko ndogo?"

"Labda."

Akamuuzia kinyonga wa nne na bakuli kubwa zaidi. Constantino akamshukuru, akampa mkono. Alipoondoka, Driwaru alichukua chupa ya kunyunyizia, akalowesha majani ya wale waliobaki, akasimama pale mpaka wa mwisho alipokunywa.