Paa la Mama Mkwe

Wangare wa Kariandusi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali zote za Nakuru zisingeuweza: kutaka kujua. Miaka aliyofanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe, wenzake walichimba, wakapokea mshahara, wakaenda zao. Yeye aliuliza udongo ule unapelekwa wapi, unafanya nini huko, na mbona ni mwepesi hivyo mkononi. Msimamizi alipochoka naye alimwambia unachuja bia. Wangare, mama wa kanisa asiyejua hata harufu ya chupa, alirudi nyumbani akiwaza ni walevi wangapi amewahudumia bila kujua, akacheka peke yake njia nzima.

Alipostaafu alijenga vyumba viwili vya wageni kwa ajili ya wanafunzi wanaokuja kuona mawe ya watu wa kale pale karibu na Ziwa Elmenteita. Wageni walisifu chapati, wakasifu blanketi, kisha wakainua simu zao juu wakizunguka uani, na asubuhi wakahamia Gilgil. Nyumba iko kwenye kibonde, na netiwaki ya hapo inatosha kuongea tu. Sasa mwalimu mmoja wa chuo, Sally, alikuwa ameahidi kuleta wanafunzi wake wakae mwezi mzima, mradi akute intaneti Ijumaa jioni. Asipoikuta, angewapeleka kwingine.

Basi Wangare akaomba ile intaneti ya dishi. Dishi dogo hufungwa juu ya paa, likatazamana na mnara ulioko mlima Eburru, ng'ambo ya ziwa, na katikati hakuna waya hata mmoja. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Je, wale ndege heroe wakiruka ziwani wanaukata mtandao? Na ukungu wa asubuhi je? Alikuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu fundi wa kampuni inayoyafunga madishi hayo upande wote ule alikuwa Oduor, mume wa Nyakio, binti yake wa pekee. Ungedhani mambo yamejipa.

Hayakujipa. Oduor alikuwa amepanda maghorofa ya Milimani, makanisa, maghala ya mahindi na matangi ya maji, lakini paa la Wangare hakulipanda. Siku ya kwanza alisema ngazi ni fupi. Ilipoletwa ndefu akasema kuna upepo. Wangare aliwatazama kuku wake uani. Hakuna unyoya uliotikisika.

Hakumuuliza zaidi, na kwake kutouliza si jambo la kawaida. Alikuwa na hofu yake. Siku Nyakio alipomleta Oduor nyumbani kwa mara ya kwanza, fujo za uchaguzi zilizowagombanisha watu wake na Wajaluo zilikuwa bado hazijamtoka Wangare kichwani, na akiwa jikoni alisema, bila kupunguza sauti, kwamba hakumlea binti yake ili aje amwoze Mjaluo. Oduor alikuwa sebuleni. Ukuta ni wa mbao. Ndoa ilifungwa, mjukuu akazaliwa akaitwa Natalie, na tangu siku ile hakuna aliyeyataja maneno yale. Lakini Oduor hakuwahi kumpa mkono. Alimsalimu kwa mbali, ameinamisha macho, na chai yake aliinywea nje, chini ya upenu. Wangare alijumlisha hayo yote akapata jibu moja: alisikia, na hajasahau. Lililomsumbua zaidi ni kwamba hakuwa na hakika.

Ijumaa asubuhi Oduor alifika na vifaa, akatangaza kwamba mwenzake Kipkemoi yuko njiani kutoka Kamere, na ndiye atakayepanda. Saa sita Kipkemoi akapiga simu. Ziwa Naivasha lilikuwa limemeza kipande cha barabara, na pikipiki yake ilikuwa imekunywa maji. Leo asingefika.

Oduor alitazama paa, akatazama saa, akaanza kurudisha spana kwenye mkoba.

"Baba Natalie," Wangare akasema, "hebu ngoja. Mimi nimekukosea?"

"Hapana, Mama."

"Basi niambie kwa nini nyumba za watu wote unapanda, yangu hutaki. Na usiniambie upepo. Upepo nimeutafuta tangu juzi sijauona."

Oduor aliangalia viatu vyake. "Mama, kwetu haiwezekani. Mtu hapandi juu ya nyumba ya mama ya bibi yake. Nikikanyaga hilo paa ni kama nimekukanyaga kichwa. Hata salamu ya mkono ni hivyo hivyo. Nilidhani Nyakio alikuwa ameshakuambia."

Wangare alikaa juu ya kigoda kilichokuwa karibu. Akamkumbuka marehemu mume wake, ambaye alipotembelea wakwe aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, na hakuthubutu hata kukitazama kitanda cha mama mkwe kupitia mlangoni. Heshima ya wakwe aliijua vizuri sana. Hakuwa amefikiria kwamba watu wengine nao wanayo. Aliona aibu, lakini haikukaa, kwa sababu udadisi uliisukuma kando.

"Na mimi nikipanda mwenyewe?"

"Mama, kampuni haikubali mteja apande."

"Kampuni iko hapa? Miaka kumi na tisa nimepanda na kushuka kuta za machimbo. Nionyeshe tu linafungwa vipi."

Oduor akakubali kwa unyonge wa mtu anayejua akikataa ataulizwa maswali hadi jioni. Lakini hapo mambo yakazidi kuwa magumu. Mshipi wa usalama asingeweza kumfunga, kwa hiyo aliuvaa yeye, akafungua, akavaa tena, akauweka chini na kurudi nyuma hatua kadhaa ili Wangare auokote. Wangare aliingia ndani akatoka amevaa suruali ya marehemu chini ya rinda. Oduor alipoiona suruali alielewa tatizo lililobaki: mtu hasimami chini ya ngazi akamtazama mama mkwe anapanda. Alichukua laptopu yake, akaenda nyuma ya zizi la ng'ombe, akaugeukia ukuta, akampigia simu.

"Umefika, Mama?"

"Nimefika, dishi ninalo. Nimefunga mshipi kwenye boriti kama ulivyosema." Akageuka akatazama ng'ambo. "Wewe, kumbe huku juu ndiko mafundi mnakaa."

Ziwa lilikuwa limelala jeupe pembezoni, na ng'ambo yake kile kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali, na nyuma ya kilima, Eburru. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi chini ya mandhari haya akitazama migunga. Alitamani kuuliza mambo kumi kwa pamoja.

"Elekeza dishi kwa pua ya yule mtu amelala," Oduor akasema, "halafu sogeza kushoto polepole."

"Heroe wakipita?"

"Hawasumbui. Sogeza kidogo. Nimeanza kuiona signali. Kidogo tena."

Wangare alisogeza. Aliyaona mabati ya zizi, na nyuma yake kisogo cha mkwewe, kimeinama, hakigeuki. Mtu huyu alikuwa tayari kudharauliwa kama fundi mwoga kuliko kuweka kiatu chake juu ya paa la mama mkwe. Na kwa kuwa hawakuwa wakitazamana, aliweza kuuliza.

"Oduor. Ile siku ya kwanza. Ulisikia nikisema jikoni?"

Kule nyuma ya zizi kisogo kiliinama zaidi.

"Nilisikia, Mama."

"Yote?"

"Ukuta ni wa mbao."

"Na bado ukaniheshimu hivi?"

"Wewe ni mama ya Nyakio."

"Nisamehe, baba."

"Ilipita, Mama." Akaigeukia laptopu. "Usisonge hapo. Hapo hapo. Signali imejaa. Kaza nati."

Wangare alikaza nati huku machozi yakimtoka, akajifuta kwa mkono wenye vumbi jeupe la mabati. Alipoteremka alimwita mara mbili kumhakikishia kwamba yuko chini, na kwamba suruali ameivua, ndipo Oduor akatoka nyuma ya zizi. Hakumpa mkono, na Wangare hakuutaka. Alimpelekea chai chini ya upenu, kisha akavuta kiti chake mwenyewe akakiweka nje pia, mbali kiasi, akanywa ya kwake hapo.

Jioni Sally alifika na wanafunzi wake. Kabla hawajatua mizigo simu zao zilianza kulia, wakacheka, wakaulizana nywila. Sally akatazama juu, akaliona dishi.

"Kazi safi. Nani alipanda?"

"Mimi," Wangare akasema.

"Na fundi alikuwa wapi?"

"Nyuma ya zizi la ng'ombe," Wangare akasema, "ananiheshimu." Akaenda kuwapikia chapati.