Muuza Dawa na Mama wa Telefone

Muuza dawa, mume wa Bénite, hajawahi kukubali kwamba amepotea. Anashika usukani kwa vidole viwili, mkono wa pili unatengeneza kofia. Tangu wavuke mpaka wa Kasindi kwenda likizo Uganda, kila telefone inapomwonyesha njia kwa sauti ya mama, kwa Kifaransa chake cha puani, yeye anapunguza muziki na kujibu: «Oui, Mama, niko nasikia.» Kisha anakata kona anayoitaka mwenyewe. Bénite, aliyemwonyesha njia miaka kumi na tisa bila kupata hata oui moja, hata ndiyo moja, anatazama dirishani.

Kasese, kwenye rond-point, pale barabara zinapozunguka, Mama alisema sortie ya tatu, njia ya tatu ya kutokea. Muuza dawa akahesabu kuanzia kuume, kama kwao Butembo, ingawa huku magari yanazunguka kinyume. Barabara ikawa njia ya baiskeli, njia ikaishia makaburini, watu wanazika. «Tumepotea,» Bénite akasema.

«Ni nani mwenye amepotea?» Akashuka, akavua kofia, akawapa wafiwa pole kwa Kinande cha kwao. Wakonzo wale, ambao lugha yao ni ile ile, wakamsogezea nafasi kando ya kaburi, naye akasimama, uso ameukunja kama mjomba wa marehemu. Jeneza likaanza kushuka. Ndipo mfuko wa shati lake, alimotia telefone, ukapaza sauti: geuka, rudi ulikotoka. Hata padri akafumbua macho. Muuza dawa akaupapasa mfuko kwa heshima zote.

«Mais Mama,» akanong'ona, «uyu mutu hawezi tena kurudi.»