Sauti ya Kutafuna

Sili nyama tangu msiba wa dada yangu. Watu wa jimu hapa Mbeya hudhani ni mambo ya afya, majirani hudhani nimekuwa Msabato, nami nimewaacha wote na dhana zao, maana habari yenyewe haifai kusimuliwa mbele ya mtu aliyeshika sahani. Pale msibani, nyumbani kwetu Kilolo, walichinja ng'ombe ambaye dada mwenyewe alimnunulia mama kwa kazi yake ya cherehani. Nilikuwa kidato cha pili. Nilipewa bakuli la nyama nigawie waombolezaji, nikagawa, nikamaliza, nikanawa mikono kwa sabuni ya kufulia, harufu ikakataa kutoka. Kwangu mimi haijatoka mpaka leo.

Kwa hiyo maharage ndiyo nyama yangu. Maharage, kunde, njugu, na maziwa. Nilikuwa nakula vizuri na kukimbia vizuri. Asubuhi, kabla sijafungua duka langu la madaftari, napanda barabara ya kuelekea mlima Loleza mpaka ukungu uanze kunilowesha nyusi, ndipo nageuka. Jioni nanyanyua vyuma. Sikuwa mgonjwa wala mnene. Ila nina kiburi fulani: mtu akiniambia jambo hili gumu, nimeshaingia.

Kocha wetu, kijana mwenye shingo nene kama kinu, alitangaza chalenji ya "kula safi" Kwaresma ilipoanza. Alijua pa kutupatia, kwani wengi wetu tulikuwa tumeshajiandaa kujinyima kitu. Alisoma masharti amesimama juu ya benchi: nafaka hakuna, jamii ya kunde hakuna, maziwa hakuna, viazi na ndizi hakuna, sukari hata ndotoni. Kila mlo upigwe picha, urushwe kwenye grupu la wasapu.

"Mimi sili nyama," nikamwambia.

"Samaki je?"

"Samaki pia."

Akanitazama kwa huruma. "Basi dada, una mayai."

Mtu wa Mbeya ukimnyima wali, viazi, ndizi na maharage, umembakizia ukungu tu. Nilikula mayai na mchicha, mayai na kabichi, mayai na parachichi, na parachichi peke yake siku ambazo hata kumwona kuku barabarani kulinichefua. Wenzangu walijichomea kuku na kitimoto, wakasema kula safi ni raha tupu. Mimi nilianza kusikia baridi hata juani. Nikiinua boksi la madaftari, magoti yalitetemeka. Lakini kwenye grupu walinipigia makofi. "Dada umekatika!" "Mwili si ndiyo huo!" Nami nilifurahi, nisidanganye.

Jioni moja niliweka vyuma chini, nikainua macho kwenye kioo kikubwa cha jimu, nikamwona dada. Sisemi nilimkumbuka. Nilimwona: mashavu yameingia ndani, mifupa ya shingo imeacha vishimo viwili, macho makubwa kuliko uso. Alikuwa amevaa fulana yangu. Niligeuka kwa hofu, nyuma yangu hapakuwa na mtu ila mwanamume mmoja anaruka kamba. Nikakaa kwenye benchi mpaka moyo ukatulia. Wiki ile ile nilikuwa nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda wa saa yangu, na hapo ndipo nilipokumbuka jinsi dada alivyokuwa akizungushia uzi pete yake ili isidondoke.

Nilipaswa kuacha siku ile. Sikuacha, Kwaresma ilikuwa ukingoni, na kiburi nimeshakitaja.

Wikiendi ya Jumapili ya Matawi nilikwenda kumwona mama. Basi liliposimama Chimala wauzaji wakainua wali na mahindi ya kuchoma hadi madirishani, na mimi nikamenya yai nililotoka nalo nyumbani. Jirani yangu kwenye siti akavuta shuka puani. Iringa mjini nikabadili gari, nikafika Kilolo mchana, mvua imetoka kukatika.

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akichambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene, mama," nikamwamkia kwa Kihehe.

Aliweka ungo chini, akasimama, akashika mkono wangu kama anayenisalimia, halafu hakuuachia. Vidole vyake vikateremka mpaka kwenye kifundo, akakizungushia kidole gumba na cha kati. Vidole vilikutana, vikapitana. Kipimo kile nilikijua. Alimpima dada vile vile, mlangoni pale pale, aliporudi kutoka mjini.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, mama. Nimepunguza kula tu."

Nilisikia maneno yakinitoka, nikatamani kuyarudisha. Dada naye alirudi na maneno hayo hayo: nimepunguza kula tu mama, mwili ulikuwa unanizidi. Alikuwa na Ukimwi. Miaka ile dawa zilikuwa hazijafika huku kwetu, naye alituficha mpaka kitanda kilipomsemea. Mama alimwamini mwezi baada ya mwezi, akimpelekea uji chumbani na kuwaambia majirani kwamba binti yake anajipendezesha.

Watoto wengine wakirudi nyumbani huchinjiwa kuku. Mimi, kwa sababu ya shida yangu na nyama, heshima yangu ni makande. Mama huloweka mahindi na maharage tangu jana yake, akayabandika kwenye kuni, akayaacha yaive polepole mpaka yapasuke. Siku ile akanipakulia bakuli limejaa, moshi unafuka.

"Mama, siku hizi sili mahindi," nikasema. "Wala maharage."

"Wala maharage," akarudia, akafunika bakuli.

Nikatoa simu nimwonyeshe grupu. Aliangalia picha za kabichi kwa adabu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeonyeshwa picha za msiba wa watu asiowajua.

"Nani amewaambia mle hivi?"

"Kocha, mama. Wa mazoezi."

"Huyo kocha ana mama?"

Asubuhi niliamka nikakimbia hadi barabara kubwa na kurudi. Kifua kiliniwaka, miguu ilikuwa mizito, lakini nilikimbia. Niliporudi nikakuta uji mezani ndani ya kikombe cha bati cha bluu chenye mfuniko. Kilikuwa kikombe cha dada. Sikuwa nimekiona tangu tulipomzika, na sikujua kama mama alikihifadhi. Nilisimama nakitazama, nywele zimenisimama. Nje nikasikia watu wakibisha hodi.

Walikuwa akina mama wa kanisani, wametoka ibadani na matawi yao mikononi. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Mmoja alileta maziwa, mwingine mafuta ya alizeti, wawili walileta mayai. Mama akanikalisha kwenye kiti, akanifunika magoti kwa kitenge. Nilikuwa bado natiririka jasho la kukimbia, na jasho lile nalo walilielewa walivyolielewa. Wakaimba kwa sauti ya chini, ile ya kuimbia chumba chenye mgonjwa.

Rafiki wa mama tangu usichana wao, ambaye namwita mama mkubwa, alisogeza kiti karibu. "Mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Siku hizi dawa zipo. Watu wanakunywa na wanazeeka."

"Mama mkubwa, siumwi. Nafanya mazoezi."

"Ndiyo, mama. Mazoezi," akasema, akinipapasa goti.

Hasira ilinipanda. Nilitaka kutupa kitenge, niruke kamba mbele yao, niwaonyeshe misuli. Kisha nikamwona mama. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mlango wa chumba cha nyuma, alimolala dada, na midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti. Sikuruka kamba. Niliinamisha kichwa wakaniombea ugonjwa nisiokuwa nao.

Kesho yake nikamwambia twende zahanati, tuingie wote wawili chumbani. Nesi alinipima, akamweleza mama waziwazi: sina virusi, sina kifua kikuu, damu imepungua kidogo, nile. Mama alimshukuru kwa mikono yote miwili. Nikashusha pumzi. Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi nyumbani, alisimama kupumzika.

"Nesi hawezi kumwambia mzazi," akasema. "Ndiyo sheria yao. Hata dada yako alisema amepima."

"Mama, umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia, mwanangu. Hata yeye nilimsikia."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi unyasi nilikuwa nimeuvaa mwilini. Hapakuwa na neno la kumwambia ambalo dada hakuwa ameshalitumia. Maneno yote ya mtu mzima wa afya alikuwa ameyamaliza yeye. Kilichobaki ni kula.

"Nipashie makande," nikamwambia tulipofika.

Alikaa mbele yangu akifuata kila kijiko kutoka bakuli hadi mdomoni. Yalikuwa matamu mno, mahindi yamelainika, maharage yametoa rojo. Machozi yalinitoka kwa utamu na kwa njaa, maana kumbe nilikuwa na njaa ya kutisha. Nikamaliza bakuli, nikaongezwa, nikamaliza. Uso wa mama ulianza kulegea. Alikaribia kutabasamu.

Tumbo lililozoea yai na jani halikuelewa. Nikatoka haraka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikashika mti wa pichisi, yakatoka yote. Nilipoinuka mama alikuwa nyuma yangu, ameshika jagi la maji na kitambaa kilichokunjwa mara nne. Hakuwa na haraka wala mshtuko. Alinifuta mdomo, akanimwagia maji shingoni, kiganja chake kikijua pa kupita. Kazi ile alikuwa ameshaifanya, pale pale kwenye pichisi.

"Pole, mama," akaniambia. "Tutaanza taratibu."

Nikakaa kwake wiki nzima, duka likafungwa. Alinilisha uji, kisha mchuzi wa maharage, kisha maharage yenyewe. Nilijitoa kwenye grupu bila kuaga. Mwili ulirudi, mkanda wa saa ukarudi tundu lake la zamani, na nilipokwenda tena Kilolo nikiwa na mashavu, mama alinishika kifundo, vidole havikukutana. Kikombe cha bluu kilikuwa bado kiko kwenye rafu karibu na mlango, kimeoshwa.

Sasa mama hupiga simu kila jioni wakati wa chakula.

"Unakula?"

"Nakula, mama."

"Weka simu mezani."

Naiweka, nawasha spika. Haongei. Anasikiliza natafuna. Mwanzoni nilikuwa naudhika, siku nyingine natafuna kwa fujo kama mbuzi ili acheke. Hacheki. Nikimaliza anasema haya, Mungu akulinde, anakata.

Wiki iliyopita simu ilinikuta napakua. Nikaiweka kando ya sahani kama kawaida, nikaanza kula. Upande wake nilisikia kuni zikipasukapasuka, na mvua juu ya bati. Kisha mama akaniita, taratibu, kwa jina la dada.

"Unakula?"

Kijiko kikasimama hewani. Nilisubiri ajirudi. Hakujirudi, alikuwa anangoja.

"Abee, mama," nikasema. "Nakula."

Nikatia maharage mdomoni, nikayatafuna kwa nguvu, asikie vizuri.