Kwa Mwaniki, aliyenipeleka Ruiru kwa miguu

Nimeambiwa mara tatu, tumeshazika, na kichwa changu bado kinakataa. Mwaniki ameenda. Mwaniki wetu wa Kiganjo, rafiki yangu tangu tukiwa watoto kwa shule ya vipofu pale Thika.

Marafiki zangu wa huku Facebook, mimi naongea na simu, yenyewe inaandika. Ikikosea mtanisamehe. Leo hata mimi sijielewi.

Mnajua sioni tangu surua ya utotoni. Mwaniki pia mlimjua hivyo, yule mzee wa fimbo nyeupe, operator wa switchboard ya simu aliyejua sauti ya kila mtu pamoja na extension yake.

Tulikutana miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Yeye Mkikuyu, mimi Mluhya, baba yangu akikata makonge kwa shamba moja huko Ruiru.

Siku yangu ya kwanza nililia mpaka nikakataa chakula. Mwaniki akakaa karibu, akakila chote, akasema, "Kesho utalia ukiwa umeshiba."

Kwa Braille alikuwa pole kama kinyonga. Mimi namaliza ukurasa, yeye yuko mstari wa tatu. Nilimcheka! "Hivyo vidole ni vya kuchimba viazi!"

Lakini njiani, woi! "Ruka, kuna maji." Namuuliza, umejuaje? "Nimeyasikia." Nikaamini Mungu alimpa masikio ya ziada.

Siku moja mtu wa shamba akaleta habari kwamba mama yangu ni mgonjwa sana. Kufunga shule kulikuwa mbali. Mwaniki akaninong'oneza, "Jumamosi tunaenda."

Tukatoroka baada ya uji. Yeye mbele, mimi nyuma nimemshika bega, Thika mpaka Ruiru. Watoto wawili vipofu! Wajukuu wangu wakisikia hii story wanadhani naongeza chumvi.

Kwa daraja la Ndarugu askari akatusimamisha. Siku hizo Mkikuyu hakuwa anatembea ovyo bila karatasi ya ruhusa, hata akiwa mtoto.

"Mnaenda wapi?"

"Namsindikiza huyu kwa mamake, afande. Sisi ni vipofu."

"Kipofu anasindikiza kipofu?" Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akanigeukia mimi. "Wewe, huyu anaona ama haoni?"

"Haoni, afande. Naapa mbele ya Mungu."

Nikasikia buti moja ikisogea, chuma kikigonga kitu. Bega la Mwaniki likakauka kama mti.

"Nimemletea kisu cha bunduki mpaka kwa jicho," askari akamwambia mwenzake, "hata hajapepesa. Haya, piteni."

Tulipovuka daraja shati lake lilikuwa limelowa jasho. Nikajiuliza, mtu anaogopaje kitu asichokiona? Sikumuuliza.

Tulimkuta mama kwa chumba chetu cha wafanyakazi. Akanishika uso kwa mikono miwili, ina moto kama jiko. Lakini sauti yake ilikuwa ile ile, akanitania nimerefuka, akasema atapona. Nikafurahi.

Kesho yake lori la shamba likaturudisha shule. Mwaniki alilia njia yote.

"Mbona unalia na mama amesema atapona?"

"Ni vumbi," akasema.

Wiki mbili hazikuisha. Mama akafariki.

Sasa sikieni. Juzi tumemzika Mwaniki kwa shamba lake huko Murera. Watu wakiwa kwa chakula, binti yake Wairimu akanishika mkono akaniketisha kando.

"Uncle, Baba alisema nikuambie kitu. Akiwa mdogo alikuwa anaona na jicho la kushoto. Si vizuri sana, lakini aliona. Lilizimika ameshaanza kazi."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi wote. Tulidhani na wewe unajua."

Haiya! Sahani ilinitoka mkononi.

Ati aliogopa kwamba walimu wakijua watamrudisha nyumbani. Na nyumbani hakukuwa tena nyumbani. Nyumba yao ilikuwa imechomwa, mamake amehamishwa na serikali ya mkoloni kwa kijiji cha kuzungushiwa ua, watu wanalala njaa. Hapo namwelewa. Mtoto angefanya nini?

Kwa hivyo pale darajani kisu alikiona kikija. Ngai! Alikiona kikija, na hakupepesa.

Kile sielewi, Mwaniki, ni mimi. Mbona mimi? Hukuniamini? Ama ulitaka nikiulizwa niape bila kusema uongo? Nimeigeuza hii kitu huku na huku. Asubuhi nakasirika, nasema nitaifuta namba yako kwa simu. Mchana nakushukuru peke yangu kwa sauti, mpaka jirani anauliza naongea na nani. Jioni sijui niko upande gani.

Halafu jana nikiwa nimeketi tu, ikanijia. Yule mama yangu, ulimwona.

Mimi sijawahi. Hakupigwa picha hata moja. Baba hakuwa mtu wa maneno, na wote waliomjua wameshaenda. Nilikuwa najua hakuna mtu amebaki duniani aliyewahi kuona ule uso.

Kumbe huyo mtu alikuwa anakuja kwangu kila Jumapili baada ya kanisa, anakunywa chai, ananiuliza kama sukari imetosha.

Singekugombeza, ndugu yangu. Haki singekugombeza. Ningekuuliza hilo moja tu. Alikuwa anafanana aje?

Enda upumzike, Mwaniki wa Kiganjo. Ukikutana naye huko, mwangalie vizuri. Ulale unono.