Kifundo Nilichokificha Siku Dada Anaolewa

Nakumbuka siku moja niliyouogopa mguu wangu mwenyewe. Nilikuwa msichana, kwetu Nyakakika, na dada yangu Anastela alikuwa anaolewa kijiji cha Kanoni. Asubuhi nikatumwa shambani kuleta ndizi za kupika. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikakanyaga ganda la mgomba lililooza, mguu ukageukia ndani, nikaanguka na mkungu wangu. Sikulia, mwanangu. Nilijua nikilia wataniacha kitini, na wasichana wa kumchezea ngoma bibi harusi tulikuwa wanne: Adivera, Yustina, Leokadia na mimi.

Basi nikafanya ujinga. Kifundo kilipoanza kujaa nikachukua kamba za mgomba, nikazungusha, nikakaza mpaka uvimbe ukazama, nikashusha gauni.

Ilipofika saa sita nilikuwa nyuma ya jiko nashika vidole vya mguu wangu kama vya mtu mwingine. Vimepoa. Nikakiminya kidole gumba kwa kucha, hakisikii. Nilijua mguu umekufa, nitakatwa, na aliyekatwa mguu nani atamposa?

Shangazi Koletha, dada yake baba, akanikuta hapo. Akanyanyua gauni.

"Wewe! Huu ni mguu au mkungu wa kupeleka sokoni Omurushaka?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba baadaye. Kisu kiko wapi?"

Akakata kamba. Damu iliporudi nilipiga ukelele, mama mdogo Pelagia akaja mbio na maji ya moto, anataka kuukanda mguu na kuuvuta. Shangazi akamzuia: "Unavuta nini, na hujajua kilichovunjika?"

Akanilaza, mguu juu ya gunia la kahawa. Akaitazama miguu yote miwili pamoja. Akapima kifundo kizima kwa kamba nyembamba, kisha kibovu. Kamba haikufika, ilipungua upana wa vidole vitatu. Akaanza kuminya polepole kwa kidole gumba. Kwenye nyama nilivumilia. Kwenye mfupa wa nje, upande wa nyuma, niliruka. Akanisimamisha.

"Nipe hatua nne."

Hata ya kwanza sikuimaliza. Akaita vijana walete machela.

Wakanibeba mpaka hospitali. Mfupa ulikuwa na ufa. Mganga alisema zile kamba zingekaa mpaka jioni, tungekuwa tunaongea mengine. Mguu ulipona, lakini vidole viwili vina ganzi hadi leo. Anastela alitoka nyumbani bila mimi, nami sikumwona akitoka.

Mwanangu, ninyi siku hizi mkiumia mnavaa soksi mbili mnarudi uwanjani, na juzi nimekuona ukiburuza mguu. Ukiteguka, kaa chini, inua mguu, ufananishe na mwenzake. Usikandwe wala usivutwe. Ukifunga kitambaa, vidole vibaki na joto na vikisikia mguso. Mfupa ukiuma ukiminywa, au hatua nne zikikushinda, nenda hospitali siku hiyo hiyo; na vidole vikipoa au vikifa ganzi, legeza hapo hapo kisha ukimbizwe hospitali. Uvimbe ukiwa mdogo usikudanganye, maana wangu niliuzamisha mwenyewe. Ila zaidi ya yote sema, hata ukiogopa kukosa sherehe. Mimi ningesema asubuhi, ningemwona dada akitoka.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha uzeeni, na kinywa kisichoona haya kusema panapouma. Amina.