Ngolo za Juu ya Daraja

Laiti ningekataa kutia saini karatasi ile. Nilikuwa katibu wa kijiji chetu kipya cha ujamaa, kijana mwenye cheti cha sekondari, na bwana shamba aliyeletwa kutoka mkoa mwingine alitaka mteremko wote wa juu ya daraja ulimwe matuta marefu yaliyonyooka. Maana yake ni kufukia ngolo, yale mashimo tunayochimba Wamatengo mlimani ili maji ya mvua yatuame humo yasiteremke.

"Ngolo ndizo zinazolinda daraja," baba aliniambia. "Mkizifukia, maji yote yatakuja kuchimba nguzo."

Nikamjibu kwamba daraja linalindwa na saruji. Nikatia saini.

Mvua za kwanza mto ulishuka mwekundu. Chini ya nguzo ya kati tuliona shimo. Nikasema tutalijaza mawe baada ya mavuno. Kisha daraja likaanza kutetemeka, tena siku za utulivu, jua likiwaka. Vyura walinyamaza. Ukiweka kiganja kwenye ubao, ulisikia mvumo, kama wa mtu anayeimba amefumba mdomo.

Kwetu ardhi hutikisika mara kwa mara, hasa kuelekea ziwani. Tangu utoto tumezoea kusubiri kidogo, kisha tunaendelea na kazi. Nikadhani ni hilo.

Asubuhi moja dada yangu mkubwa alifika darajani na mahindi ya kusaga kichwani, akanikuta nimesimama pale.

"Bwana Katibu," alinitania, "daraja lako linaguna. Limekula nini?"

"Ni tetemeko tu, dada. Pita, mashine itajaa watu."

"Nikizama utamwandikia nani barua?"

"Shemeji, akuletee nguo kavu."

Alicheka, akapita. Pale kwetu hapakuwa na hata wingu. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, na maji yake ndiyo yaliyokuwa yakichimba nguzo. Alipofika katikati, mvumo ukakatika. Ukimya ule ninausikia mpaka leo. Nguzo ikainama polepole, kama ng'ombe anayelala, na daraja likaifuata.

Mahindi tuliyapata siku ya tatu, mfuko ungali umefungwa. Yeye hatukumpata. Niliteremka hadi ufukoni mwa Nyasa kuwauliza wavuvi. Walitikisa vichwa tu.

Saini ile ilinigharimu dada yangu. Ilinigharimu na baba pia: aliishi miaka mingi baadaye, aliitikia shikamoo zangu zote, lakini hakuniita tena mwanangu.